Udongo wa piti: tuuchimbe, tuulime, au tuuache na maji yake?

Swali limekuja hivi: "Shikamoo mtaalamu. Nasoma mambo ya mazingira na kila nikigeuka nakutana na piti. Mara ni nishati ya mitambo ya umeme, mara ni udongo wa kuoteshea miche, mara watu wanaoga matope yake kama tiba, halafu ukurasa unaofuata unaambiwa usiiguse kabisa. Sasa tushike lipi? Ni rasilimali au siyo? Na kama inajitengeneza yenyewe kila mwaka, si tuichimbe tu taratibu kama tunavyovuna msitu?"

Marahaba. Rasilimali ni kweli tena kubwa, hilo nisikufiche. Ila nataka tuangalie kila matumizi kwa swali moja tu: je, matumizi haya yanahitaji piti ikauke au yanaiacha na maji yake? Ukishika hapo utaona matumizi yote uliyoyataja yanajipanga yenyewe, na utaelewa kwanini wengi wetu tunaofanya kazi na ardhi oevu tunakuwa wakali kwenye baadhi na tunatulia kwenye mengine.

Kwanza piti yenyewe. Kawaida jani likianguka linaoza, bakteria na fangasi wanalimaliza na kaboni yake inarudi hewani. Lakini pale ardhi ilipojaa maji mwaka mzima oksijeni haifiki chini, waozeshaji wanashindwa kazi, basi mabaki ya mimea yanarundikana tabaka juu ya tabaka, hayo ndiyo piti, meusi au ya kahawia, laini, na uzito wake kwa sehemu kubwa ni maji, kama asilimia 90 hivi ikiwa bado iko mahali pake. Kwenye nchi za baridi mtengenezaji mkuu ni mimea midogo laini inayoitwa sfagnamu, hii inaweza kubeba maji mara 20 hivi ya uzito wake mkavu, halafu yenyewe inatia asidi kwenye maji yanayoizunguka, kwa hiyo uozaji unazidi kuwa mgumu. Kwenye nchi za joto piti inatokana zaidi na miti ya kinamasi, mizizi, miwale, mafunjo. Kote huko kasi ni ndogo mno, wastani ni kama milimita 1 kwa mwaka na sehemu nyingine hata haifiki. Yaani mita 1 ya piti ni kazi ya miaka 1,000.

Hapo hapo nimeshajibu nusu ya swali lako la mwisho. Mashine ya kuvuna piti inakwangua sentimita kadhaa kila msimu, kinachochukuliwa kwa msimu mmoja kilichukua miongo ya miaka kujengeka, na kibaya zaidi ili mashine ipite lazima ukaushe kinamasi kizima, kwa hiyo hata ile milimita ya mwaka huu haijengeki tena. Msitu ukikata mti mmoja miti mingine inaendelea kukua. Huku ukitoa maji umesimamisha kiwanda chote, umekifanya kianze kula akiba yake. Ndiyo maana nchi kama Finland zilipojaribu kuiita nishati inayojirudisha polepole hoja haikukaa sawa, na kwenye mahesabu ya kimataifa ya gesi joto moshi wa piti unahesabiwa pamoja na wa mafuta ya kisukuku.

Sasa tuingie kwenye kuichoma, maana ndiyo matumizi ya zamani kuliko mengi. Mrumi Plinio katika karne ya kwanza alieleza watu wa pwani ya kaskazini ya Ulaya waliokuwa wanachota matope kwa mikono, wanayakausha kwa upepo zaidi ya jua, halafu wanapikia. Kwa karne nyingi sehemu ambazo miti imeisha ndicho kilichowatoa watu kwenye baridi, unakata matofali kwa sepeto maalum, unayasimamisha yakauke, unabeba nyumbani. Uholanzi ilijenga utajiri wake wa karne ya 17 kwa kiasi kikubwa juu ya moto wa piti, viwanda vya bia, matofali, sukari, vyote vilichemka kwa piti. Norfolk kule Uingereza kuna maziwa mengi ya kina kifupi, watu walidhani ni ya asili mpaka miaka ya 1950 utafiti wa Joyce Lambert na wenzake ulipoonesha ni mashimo ya wachimba piti wa enzi za kati yaliyojaa maji. Fikiria kiasi kilichotolewa pale, na kwa sepeto tu.

Karne ya 20 ndiyo ikaingia piti ya viwandani. Urusi ya Kisovieti iliitegemea sana kwenye mpango wake wa kusambaza umeme, mtambo wa Shatura mashariki ya Moscow ukawa mfano wake. Ireland iliunda shirika la Bord na Móna mwaka 1946, likajenga reli ndogo ndani ya vinamasi na kulisha mitambo ya umeme kwa miongo. Na siyo Ulaya tu, Burundi ina shirika la umma la kuchimba piti tangu miaka ya 1970, Rwanda ilijenga mtambo wa Gishoma wa megawati 15 halafu mwingine mkubwa wa megawati 80 wilaya ya Gisagara. Sababu zao zinaeleweka kabisa, nchi haina mafuta, kuni zinaisha, umeme unahitajika, na chini ya mabonde kuna kitu kinachowaka. Simlaumu mtu anayefanya hesabu hiyo.

Ila kama mafuta piti ni dhaifu. Kwanza ni ya maji, unatumia nguvu na muda kuikausha, mvua ikinyesha vibaya msimu wote wa mavuno unayumba. Pili kwa nishati ile ile inatoa hewa ya ukaa nyingi kuliko hata makaa ya mawe, viwango vya jopo la kimataifa la tabianchi ni kama kilo 106 kwa kila gigajouli, makaa ya mawe ni kama 95, gesi asilia 56. Na hizo kilo 106 ni za kwenye tanuru tu, hazijagusa kile kinachovuja kutoka kwenye kinamasi chenyewe kilichokaushwa ili uichimbe, hicho kinavuja usiku na mchana, umewasha mtambo au umezima, na kinaendelea hata ukifunga kampuni ukaondoka. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea hesabu, wanapima moshi wa bomba wanasahau shamba. Ireland yenyewe iliyojenga uchumi wa mikoa mizima juu ya piti, Bord na Móna ilitangaza Januari 2021 kwamba inaacha rasmi kuvuna, na sasa sehemu ya nguvu zake inaenda kwenye upepo na kurudisha maji kwenye vinamasi vile vile.

Kwenye bustani na vitalu hoja ni ngumu zaidi kwa sababu hapa piti ni nzuri kweli. Sipendi wanaharakati wanaosema haina faida, mkulima wa miche anajua wanadanganya. Piti ya sfagnamu ni nyepesi, inashika maji na bado inaacha nafasi za hewa kwenye mizizi, haina mbegu za magugu wala magonjwa mengi, na muhimu kuliko vyote ni kwamba mfuko wa leo ni sawa na mfuko wa mwakani. Chakula chake kwa mmea ni kidogo sana na asidi yake ni kali, ila hata hilo mwenye kitalu analipenda maana anaanza na karatasi nyeupe, anatia chokaa mpaka asidi ishuke anapotaka, anaongeza mbolea kwa kipimo chake. Wanaolima uyoga mweupe wa dukani nao wanaitandaza kama tabaka la juu la kitalu, bila tabaka hilo uyoga hautoki vizuri. Ndiyo maana vitalu vikubwa vya mboga na maua vikaizoea mno.

Mbadala upo ila siyo mmoja. Kuna nyuzi za makumbi ya nazi, kuna magome ya miti yaliyoozeshwa, nyuzi za mbao, mboji ya taka za majani, na kila moja ina tabia zake. Makumbi yanashika maji vizuri lakini yakitoka pwani yanaweza kuwa na chumvi nyingi, lazima yaoshwe, na kuosha kunakula maji. Mboji ina rutuba lakini kila rundo ni tofauti na lingine, miche midogo inaweza kuungua. Nyuzi za mbao zinakauka haraka na zinanyang'anya mmea naitrojeni. Kwa hiyo wanaofanikiwa huchanganya na kubadilisha ratiba ya kumwagilia, hawachukui mbadala na kuufanyia kilekile walichofanyia piti. Kwa mtu wa bustani ya nyumbani mimi naona hakuna sababu kabisa ya kununua piti, maua ya kwenye chungu yanaota vizuri kwenye mboji. Vitalu vya biashara vya miche midogo wanahitaji muda zaidi na utafiti zaidi, na hapo niko radhi kuwasubiri, ila siyo milele.

Kuna matumizi madogo madogo nitayapita haraka. Matope ya piti ya kuogea ni biashara ya siku nyingi Ujerumani, Czech, Poland na kwingineko Ulaya, yanashika joto muda mrefu na kulitoa taratibu, wenye maumivu ya viungo wanayapenda, na kiasi kinachotumika ni kidogo. Kisiwa cha Islay kule Scotland wanakausha shayiri kwa moshi wa piti ndiyo whisky yao inapata ile ladha ya moshi. Piti kavu inatandikwa kwenye mabanda ya kuku na farasi kwa sababu inanyonya mkojo na harufu ya amonia, inatumika pia kunyonya mafuta yaliyomwagika na kuchuja maji machafu, na kutengenezea kaboni ya vichujio. Halafu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza pamba ilipokuwa haitoshi, Uingereza na wengine walifunga vidonda vya askari kwa sfagnamu iliyokaushwa, inanyonya damu na usaha kuliko pamba na asidi yake inawabana bakteria, na kufikia 1918 bandeji hizo zilikuwa zinatengenezwa kwa mamia ya maelfu kila mwezi. Zingatia tu kwamba hapo waliokota mmea hai wa juu, hawakuchimba piti ya chini, na ukivuna kwa adabu unaota tena.

Sasa kubwa kuliko yote, na hapa naomba utulie: kwa dunia nzima kilichoharibu piti kuliko kuichimba ni kuilima. Unachimba mifereji, maji yanashuka, unapanda. Mwaka wa kwanza unaona ardhi nyeusi unadhani umepata mali. Lakini ile piti iliyokuwa imelala miaka elfu kadhaa sasa imepata oksijeni, waozeshaji wameamka, inageuka hewa ya ukaa, na ardhi yenyewe inashuka. Hili huwezi kubishana nalo maana limepimwa wazi. Pale Holme Fen mashariki ya Uingereza walizamisha nguzo ya chuma mwaka 1851 mpaka kichwa chake kikawa sawa na ardhi, leo nguzo hiyo imesimama mita 4 hivi juu ya ardhi. Nguzo haijapanda, ni nchi iliyoshuka. Kwenye joto la tropiki inakwenda kwa kasi zaidi, mashamba ya michikichi na mikesia kule Asia ya Kusini Mashariki yameshuka zaidi ya mita 1 katika miaka mitano ya mwanzo, baadaye kama sentimita 5 kila mwaka. Utaona michikichi imeinama imelala upande kwa sababu udongo umeikimbia mizizi. Na ardhi ikishuka mpaka usawa wa mto au bahari maji hayatoki tena yenyewe, inabidi pampu, au mafuriko yanachukua shamba. Mkulima anaanza kwa kupigana na maji na mwisho maji yanarudi kumpiga yeye.

Mfano mkubwa kuliko yote ni Kalimantan ya Kati, Indonesia. Mwaka 1996 serikali ya Suharto ilianza mradi wa kugeuza kama hekta milioni 1 za kinamasi cha piti kuwa mashamba ya mpunga. Wakachimba maelfu ya kilomita za mifereji, misitu ikaondoka, wahamiaji wakaletwa. Mpunga haukuota wa maana, udongo ni wa asidi na hauna chakula, na sehemu nyingine chini ya piti kuna madini ya salfa ambayo yakipata hewa yanazaa asidi kali zaidi. Halafu 1997 ukaja ukame wa El Niño na piti iliyokauka ikashika moto. Moto wa piti siyo wa kuzima kwa ndoo, unatambaa chini ya ardhi bila ndimi za kuonekana, unaweza kukaa wiki na miezi, unatokea pengine kabisa. Watafiti walikadiria kuwa mwaka ule moto wa piti na misitu ya Indonesia ulitoa kaboni sawa na kati ya asilimia 13 na 40 ya ile inayotoka kwenye mafuta yote ya kisukuku duniani kwa mwaka. Mradi ukafutwa, mifereji ikabaki. Mwaka 2015 ikaungua tena, hekta milioni 2.6 za nchi kwa ujumla, moshi ukafunika mpaka Singapore na Malaysia, watoto wakafungiwa ndani, Benki ya Dunia ikakadiria hasara ya dola bilioni 16. Mwaka uliofuata Indonesia ikaunda wakala maalum wa kurudisha piti. Na msidhani ni mambo ya tropiki, moshi uliofunika Moscow kiangazi cha 2010 sehemu yake ilikuwa ni piti iliyokaushwa zama za Kisovieti na kutelekezwa.

Basi ikiwa na maji yake piti inatufanyia nini? Hapa watu wengi huona pori tupu. Inashika asilimia 3 hadi 4 tu ya nchi kavu duniani, kama hekta milioni 500 kwa tathmini ya Umoja wa Mataifa ya 2022, lakini kaboni iliyomo ni nyingi kuliko ile iliyomo kwenye miti ya misitu yote ya dunia ikijumlishwa. Kwa tathmini hiyo hiyo kama asilimia 12 imeshakaushwa na kuharibiwa, na hicho kidogo kilichoharibika kinatoa karibu asilimia 4 ya gesi joto zote zinazosababishwa na binadamu. Pima mwenyewe uwiano huo.

Bonde la Kongo ndilo linaloniumiza roho na kunipa matumaini kwa pamoja. Mpaka 2017 ramani za dunia hazikuwa na picha ya kweli ya kilichopo pale, ndipo Greta Dargie, Simon Lewis na wenzao wa Kongo na Uingereza walipotangaza kwamba katikati ya bonde hilo, kwenye Kongo zote mbili, kuna piti ya kilomita za mraba 145,500 na ndani yake tani bilioni 30 za kaboni, karibu sawa na uchafuzi wa dunia nzima kwa miaka mitatu kutoka kwenye mafuta ya kisukuku. Vipimo vya 2022 vikaongeza eneo hadi kilomita za mraba 167,600. Ilianza kujengeka zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Na kuna jambo moja la kutisha lililoonekana baadaye kwenye sampuli za chini: hali ya hewa ilipokauka kati ya miaka 5,000 na 2,000 iliyopita kinamasi kile kiliacha kujenga kikaanza kupoteza, tabaka nene lilioza likaenda. Hapakuwa na mfereji wala trekta, ni ukame peke yake. Sasa mtu akichimba mifereji pale leo anafanya kwa miaka michache kile ambacho ukame ulifanya kwa karne nyingi.

Ukiacha kaboni, kinamasi kinachuja maji na kinapokea mvua kubwa na kuiachia pole pole, ingawa tuseme ukweli, kikiwa tayari kimejaa pomoni hakiwezi kupokea zaidi, kwa hiyo usikitegemee kuzuia kila mafuriko. Kinalisha samaki, na watu wa bonde la Kongo wanavua humo, wanachukua majani ya miwale ya kuezekea, wanapata dawa na nyama. Sokwe, bonobo na tembo wa msituni wanaishi humo. Pia ni kumbukumbu, kwa sababu kisichooza kinabaki: chavua ya miaka elfu kadhaa, njia ya mbao ya Sweet Track kule Somerset iliyojengwa mwaka 3807 au 3806 kabla ya Kristo, na maiti ya kale iitwayo Mtu wa Tollund, aliyekutwa na wakata piti Denmark mwaka 1950, ana zaidi ya miaka 2,300 na bado nywele fupi za kidevu zinaonekana, waliomkuta walidhani ni mauaji ya juzi wakaita polisi. Piti iliyochomwa imechoma na vitu vya namna hiyo ambavyo hatutavijua kamwe.

Najua utaniuliza, watu wale nini basi, wakae wanaangalia maji? Hapana. Kuna kilimo cha kwenye maji, yaani unapanda kinachopenda kinamasi badala ya kukilazimisha kinamasi kiwe shamba kavu. Greifswald kaskazini ya Ujerumani wamefanya kazi kubwa ya jambo hili, matete ya kuezekea, tifa, mmea mrefu wa kinamasi ambao majani yake yana mapango ya hewa ndani na yanafanya mbao nzuri za kuzuia joto na baridi kwenye nyumba, na hata kulima sfagnamu yenyewe juu ya piti iliyorudishiwa maji ili ikavunwe ichukue nafasi ya piti kwenye vitalu vya maua. Hilo la mwisho nalipenda sana maana linajibu lile tatizo la mwenye kitalu bila kuchimba chochote. Tropiki wana mti wa sago unaotoa wanga ukiwa umesimama kwenye maji, wana nyasi za purun ambazo akina mama wa Kalimantan wanasukia mikeka na vikapu, na mafunjo yanasukwa, yanaezekwa, yanakaushwa kuwa kuni, ukikata juu ukaacha mashina ya chini na maji yake yanaota tena. Kipato chake mara nyingi ni kidogo kuliko cha michikichi kwa miaka ya mwanzo, sitakudanganya, na ndiyo maana bila serikali kulipia ile faida ya kaboni na maji mkulima mmoja mmoja hawezi kubeba mzigo huo peke yake. Ruzuku nyingi hadi leo zinamlipa anayekausha.

Na kwa aliyekwisha kulima tayari siyo lazima iwe yote au hakuna. Utafiti wa Chris Evans na wenzake wa 2021 ulionesha kwamba kwenye piti iliyokaushwa sana, kila sentimita 10 unazopandisha maji karibu na uso wa ardhi zinapunguza angalau tani 3 za hewa ya ukaa kwa hekta kwa mwaka, mpaka maji yafike kama sentimita 30 chini ya uso. Mpunga wa kinamasi, malisho yenye unyevu, mboga za mizizi mifupi, nyingi zinavumilia maji yaliyo juu kuliko tunavyowapa. Kwa hiyo mtu anaweza kuanza kwa kuweka kizuizi cha mbao kwenye mfereji wake na kupandisha maji kidogo kidogo.

Wapo watakaokwambia kinamasi chenye maji kinatoa methani, na methani ni kali kuliko hewa ya ukaa, kwa hiyo afadhali kikauke. Methani inatoka kweli. Ila inakaa angani kama miaka 12 hivi na kutoweka, hewa ya ukaa inajilimbikiza kwa karne nyingi, na piti iliyokaushwa inatoa hewa ya ukaa kila mwaka mpaka iishe yote, tena kwenye mifereji yake methani inatoka vilevile. Ukijumlisha vyote viwili kukirudishia maji kunalipa.

Je, kinarudi kikawa kama mwanzo? Inategemea unauliza kuhusu nini. Ukiziba mifereji, kuoza na hatari ya moto vinashuka haraka, ndani ya misimu michache tu. Mimea inachukua muda zaidi. Canada wamekuza njia ya kukwangua sfagnamu hai kutoka kinamasi ambacho hakijachimbwa, kuitawanya juu ya piti tupu iliyochimbwa, kuifunika na nyasi kavu na kuziba mifereji, na ndani ya kama miaka 10 hadi 20 baadhi ya maeneo hayo yameanza tena kumeza kaboni kuliko yanavyotoa. Msitu wa kinamasi wa tropiki ni mgumu zaidi, mbegu hazipo, moto umepita mara mbili tatu, inabidi uoteshe miche ya asili na kuilinda kwa miaka. Na ule unene uliopotea, zile mita mbili au tatu, huo unarudi kwa ile ile kasi ya milimita 1 kwa mwaka. Kwa hiyo mtu akikuletea mradi wowote wa piti, wa umeme, wa bustani, wa mashamba au wa hewa ukaa, muulize maji yatakuwa sentimita ngapi chini ya uso wa ardhi wakati wa kiangazi, nani atayapima, na siku mradi ukifungwa nani atalipia kuziba mifereji.